Maswali ya Wasomaji: Nani Anapelekwa Saiti, Nani Anabaki na Kompyuta?

Barua tulizopokea karibuni kutoka kwa wasanifu majengo, wahitimu wa vyuo na wenye ofisi za usanifu zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeamua kuzitengea safu nzima ya toleo hili. Waandishi wake wako Tanzania na Kenya, na ingawa kila mmoja ameuliza lake, karibu wote wanalizunguka jambo moja: msanifu anakuaje katika taaluma yake, na ni nani mwenye uwezo wa kumfungulia au kumfungia njia. Majina tumeyahifadhi na barua tumezifupisha. Anayejibu ni msanifu majengo aliyesajiliwa, ambaye amewalea kikazi wahitimu wengi.

SWALI

Shikamoo Mshauri. Nilihitimu shahada ya usanifu majengo na huu ni mwaka wangu wa pili katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Niliajiriwa siku moja na mwenzangu wa kiume tuliyesoma naye darasa moja. Yeye huenda saiti kila wiki, hukaa kwenye vikao na mkandarasi, na siku hizi ndiye anayeandika mihtasari ya vikao hivyo. Mimi natengeneza picha za 3D za kuwaonyesha washitiri (yaani wateja wetu), nachagua rangi na vigae, na kupanga michoro ya kupeleka manispaa kuombea kibali. Nilipomuuliza bosi wangu, alinijibu kwa upole kabisa kwamba saiti ni vumbi na matusi ya mafundi, na kwamba mimi nimejaliwa mkono mzuri wa picha. Nifanye nini bila kuonekana mkorofi?

*Msanifu mhitimu, Dar es Salaam*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Huenda bosi wako anaamini kwa dhati kwamba anakulinda, na upole wake ndio unaolifanya jambo hili kuwa gumu kusemeka, kwa sababu si rahisi mtu kulalamikia fadhila. Hata hivyo fadhila hiyo inakugharimu, na ni vyema ujue inakugharimu nini hasa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Na. 4 ya mwaka 2010, shahada peke yake haikupi haki ya kufanya kazi hii kwa jina lako. Kati ya cheti cha chuo na usajili kamili wa Bodi inayosajili wasanifu kuna kipindi cha kufanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, na kuna mtihani wa kitaaluma. Watakaokutahini hawatakuuliza namna ya kuweka kivuli cha mti kwenye picha. Watataka kujua utafanya nini mkandarasi akidai kuongezewa muda kwa sababu ya mvua, utayakaguaje madai yake ya malipo kabla ya kusaini hati, na maelekezo uliyoyatoa saiti kwa mdomo yana nguvu gani ikiwa hukuyaandika. Mambo haya yamo vitabuni, lakini anayeyajua kutoka vitabuni tu hutambulika mapema sana anapohojiwa.

Chukua mfano wa siku moja kabla ya kumwaga zege la ghorofa ya kwanza. Nondo zimekwisha kufungwa. Mhandisi anapima nafasi kati ya nondo na nondo, na anainama kuangalia kama vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti vimewekwa chini yake, ili chuma kisilale juu ya mbao. Msanifu naye ana yake ya kutazama: mabomba ya nyaya za umeme yamelazwa mahali pake, tundu la bomba la choo limeachwa, uwazi wa ngazi una upana ule ule ulio kwenye mchoro. Hapo ndipo mara nyingi hugundulika kwamba bomba la choo, ambalo katika mchoro wa msanifu limekaa vizuri kabisa, katika mchoro wa mhandisi linatoboa bimu katikati. Zege limeagizwa kesho saa 2 asubuhi, mkandarasi anakutazama, na uamuzi unatakiwa sasa hivi. Mwenzako ameshapitia saa ya namna hiyo, pengine zaidi ya mara moja, wakati wewe ulikuwa unachagua vigae. Ninyi wawili mliingia ofisini mkiwa sawa, lakini mtakapofika mbele ya watahini hamtakuwa sawa, na hakuna atakayekumbuka kwamba tofauti hiyo ilitengenezwa na mgawanyo wa kazi.

Kwa hiyo usiende kwa bosi wako kuomba apewe huruma mtoto wa kike, wala usianze kwa kumtaja mwenzako. Nenda na kumbukumbu yako ya kazi. Zigawe kazi ulizofanya kwa hatua za mradi, tangu kupokea mahitaji ya mshitiri, mchoro wa awali, michoro ya kina, zabuni, usimamizi wa mkataba hadi makabidhiano, kisha mwonyeshe ni hatua zipi ambazo mbele yake hapajaandikwa kitu. Yeye ndiye atakayeweka saini kuthibitisha kwamba umefundishwa, na nafasi tupu mbele ya usimamizi wa mkataba ni hoja ambayo haihitaji sauti kubwa. Omba mradi mmoja, hata kama ni nyumba ndogo ya kuishi, ambao utaufuata kikao kwa kikao mpaka funguo zikabidhiwe. Mkikubaliana, mwandikie siku hiyo hiyo barua pepe fupi ya kumshukuru na kuyataja mliyokubaliana.

Kuhusu mafundi, nasema kwa kuwa nimefanya kazi nao muda mrefu: wanachotaka kwa msanifu ni mchoro unaosomeka na jibu linalofika kwa wakati. Heshima ya msanifu kijana saiti hutegemea sana maneno ya siku ya kwanza. Bosi akisema mbele ya msimamizi wa mkandarasi, “Huyu ndiye msanifu wa mradi huu, na maelekezo yatatoka kwake,” kazi imekwisha kwa sehemu kubwa. Akikuleta kama mtu aliyekuja kutembea, hata ungekuwa mwanamume mwenye sauti ya radi, watakuona mgeni. Mwombe bosi wako maneno hayo waziwazi. Pia uliza kama saiti ina choo ambacho mwanamke anaweza kukitumia na kukifunga kwa ndani. Ni jambo la kawaida kabisa kuandikwa katika mahitaji ya awali ya mkataba, na mwenye wajibu wa kuliandika ni msanifu.

Ningependa umjue Norma Merrick Sklarek. Alisajiliwa kuwa msanifu New York mwaka 1954 na California mwaka 1962, mwanamke Mweusi katika taaluma iliyokuwa karibu yote ya wanaume weupe. Nguvu yake ilikuwa katika upande ule ule unaonyimwa wewe: michoro ya kujengea, uratibu wa miradi mikubwa, kuhakikisha jengo linasimama kwa wakati. Ndiye aliyesimamia mradi wa jengo la abiria namba 1 katika uwanja wa ndege wa Los Angeles, lililotakiwa kuwa tayari kabla ya Olimpiki ya 1984. Mwaka uliofuata alianzisha ofisi pamoja na wanawake wenzake wawili, na anakumbukwa pia kwa kuwaandaa vijana waliokuwa wakijiandaa na mitihani ya usajili. Picha nzuri zingemfanya apendwe, lakini uwezo wa kukamilisha jengo ulimfanya asiweze kupuuzwa.

Ikiwa baada ya miezi michache ahadi haijatekelezwa, tafuta ofisi nyingine bila kuona aibu. Wakati unatafuta, jiunge na wenzako. Ipo jumuiya ya Tanzania Women Architects for Humanity, inayofahamika kwa kuwajengea makazi wanawake wasiojiweza kwa kazi ya kujitolea, na huko hakuna atakayekuzuia kushika kipimamaji.

SWALI

Habari za kazi, Mshauri. Nina ofisi ndogo ya usanifu hapa Arusha. Kwa nyakati tofauti nimewaajiri wasanifu watatu wanawake, wote wazuri, na wote wameondoka katika mwaka uliofuata kujifungua kwao. Siwalaumu, lakini kila nikimfundisha mtu nabaki mikono mitupu. Wenzangu wananishauri niache kuajiri wasichana. Ushauri huo siupendi, ila sina mwingine. Nikiri pia kwamba miradi yote inaongozwa na mimi na mshirika wangu, kwa sababu washitiri hawawaamini vijana.

*Mwenye ofisi, Arusha*

JIBU

Kaka, nashukuru kwamba ushauri huo hukuupenda. Kwanza ni kinyume cha sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na katazo hilo linamhusu hata anayeomba kazi. Lakini hebu tuitazame hesabu yenyewe. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 ikiwa wamezaliwa watoto zaidi ya mmoja. Mradi wa jengo la ghorofa chache unaweza kukaa ofisini mwako mwaka mzima na zaidi, ukisimama mara mshitiri anapoishiwa fedha na mara kibali kinapochelewa, na wewe huwa unajipanga. Siku 84 unazijua miezi kadhaa kabla. Mwenye ofisi anayeweza kuvumilia mshitiri aliyetoweka nusu mwaka hawezi kusema kwamba siku hizo ndizo zilizomshinda.

Ninachoamini, kutokana na niliyoyaona katika ofisi nyingi, ni kwamba likizo haimwondoi mtu. Kinachomwondoa ni anachokikuta akirudi. Mradi wake amepewa mwingine na haurudishwi. Anapangiwa kurekebisha michoro ya watu. Sheria inampa saa 2 kwa siku za kunyonyesha, lakini kikao kikubwa cha wiki kimewekwa saa 11 jioni, na anayenyanyuka kwenda nyumbani anatazamwa kama asiyejitoa. Na hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu ni ugonjwa wetu wa tangu chuoni. Tumelelewa studio kwa kukesha. Mwanafunzi aliyelala chini ya meza yake ya kuchorea husifiwa, na sifa hiyo tunaibeba hadi ofisini, tukapima bidii kwa taa iliyowaka usiku wa manane badala ya michoro isiyo na makosa. Mtindo huo unamtupa nje mama mwenye mtoto mchanga, unamtupa baba anayetaka kuwa baba, unamtupa anayemuuguza mzazi, na makosa ya michoro iliyochorwa usiku wa manane hulipwa saiti kwa fedha za mshitiri.

Anza hivi. Kila mradi ofisini uwe na watu wawili wanaoujua kwa undani, hata kama mmoja ndiye kiongozi, ili akosekanapo mmoja kazi isisimame. Kabla msanifu hajaenda likizo, kaeni mwandike nani anashika nini na yeye atarudi kwenye mradi upi. Karatasi hiyo iwe na saini yako. Vikao vyote vya ofisi viwekwe kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Ada zake za usajili na mafunzo ya taaluma, ikiwa ofisi huwalipia wengine, zilipwe pia akiwa likizo, kwa maana taaluma yake haikuenda likizo. Mwanamume akipata mtoto, mhimize achukue siku zake, ambazo kisheria si pungufu ya 3, na wewe uwe wa kwanza kumuuliza kwa nini yuko ofisini.

Sasa hilo la washitiri kutowaamini vijana. Washitiri humwamini yule wanayeonyeshwa. Ikiwa kila mara unazungumza wewe na kijana amekaa pembeni akigeuza kurasa, utawezaje kutarajia mshitiri ampigie simu yeye? Soko la Kariakoo, lenye nguzo zinazofunguka juu kama miavuli kubeba paa, lilisanifiwa na Beda Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938. Lilipofunguliwa mwaka 1975 hakuwa hata na miaka 40, na ilikuwa miongoni mwa kazi kubwa za umma katika nchi iliyokuwa na wasanifu Waafrika wachache mno. Kuna watu waliokubali kumkabidhi. Nawe mkabidhi mtu mradi wa kiasi, umtambulishe kwa mshitiri kwa barua, uhudhurie vikao viwili vya kwanza ukiwa kimya, kisha ubaki ofisini.

Jambo la mwisho kwako ndilo litakalokuwa zito: wapigie simu wale watatu. Waulize kila mmoja peke yake ni siku gani aliamua kuondoka na nini kilitokea siku hiyo. Usijitetee, andika tu. Majibu yao yatakusaidia kuliko yangu.

SWALI

Hujambo Mshauri? Mimi ni msanifu Nairobi. Kila mwaka tunatakiwa kukusanya alama za mafunzo endelevu ya taaluma. Mara nyingi ni kukaa hotelini, kusikiliza muuzaji wa rangi au vigae akisifia bidhaa zake, kusaini karatasi na kunywa chai. Siku hizi wameongeza mada za uongozi jumuishi, ambazo naziona kama hotuba tu. Je, haya yote yana faida?

*Msanifu, Nairobi*

JIBU

Sijambo. Faida ipo, ingawa malalamiko yako ni ya haki. Tatizo la muuzaji wa vigae halikuanzia kwenu. Taasisi ya wasanifu ya Uingereza, RIBA, inawataka wanachama wake wapate angalau saa 35 za mafunzo kila mwaka, na angalau saa 20 kati ya hizo zitoke katika mada 10 zilizopangwa, mojawapo ikiwa ni mazingira yanayomfaa kila mtu. Ile ya Marekani, AIA, inadai vipimo 18 vya mafunzo kwa mwaka, na 12 kati yake lazima vihusu afya, usalama na ustawi wa watu. Kwa maoni yangu sababu ya masharti hayo ni moja: msanifu akiachiwa achague peke yake, atachagua kilicho karibu na kilicho bure, na kilicho bure kwa kawaida kimelipiwa na mwenye bidhaa.

Mada za uongozi jumuishi huwa hotuba pale zinapozungumzia moyo wa mtu badala ya kazi yake. Ningekuwa ninaandaa kikao hicho, ningewaomba wakuu wa ofisi waje na orodha ya miradi yao ya mwaka uliopita, na mbele ya kila mradi waandike nani aliongoza, nani alikwenda saiti, nani alikutana na mshitiri na jina la nani liliandikwa kwenye bango. Baada ya hapo hotuba haihitajiki. Mtu mzima akiiona orodha yake mwenyewe, na akaona kwamba wanawake wake wote wako katika mapambo ya ndani na vijana kutoka familia fulani ndio wanaokwenda kwa washitiri wakubwa, ataelewa bila kufundishwa.

Na ni nani anayepanga mada? Ni kamati, na kamati huchaguliwa. Chama cha wasanifu cha Kenya, AAK, kilianzishwa mwaka 1967, na ilichukua miaka 50 kumpata rais mwanamke, Emma Miloyo, mwaka 2017. Aliyemfuata mwaka 2019, Mugure Njendu, naye ni mwanamke. Sisemi kwamba kiti cha juu kinatibu kila kitu, lakini katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010, ibara ya 27, inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, itakuwa ajabu taaluma inayosanifu majengo ya umma iridhike kuwa nyuma ya sheria ya umma. Gombea nafasi katika kamati ya mafunzo. Ukiipata, anza na saa na mahali: kikao cha jioni katikati ya Nairobi kinamwacha nje msanifu wa Garissa au Lodwar, na kinamwacha nje mzazi wa Nairobi hiyo hiyo. Kirekodiwe, kisikilizwe kokote, na alama zipatikane kwa kujibu maswali juu ya yaliyosemwa, si kwa kusaini karatasi mlangoni.

Wakati ukisubiri uchaguzi, fanya mafunzo ofisini mwako. Mara moja kwa mwezi chukueni kosa moja lililotokea saiti, paa linalovuja kwa mfano, mfuatilie kutoka kwenye tone la maji hadi kwenye mstari wa mchoro ulioruhusu tone hilo. Aongoze yule mdogo kuliko wote. Hapo mtajifunza ujenzi na uongozi kwa wakati mmoja.

SWALI

Shikamoo. Nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu na natumia kiti cha magurudumu. Darasani nafanya vizuri. Tukienda ziara ya saiti, mhadhiri huniambia nibaki kwenye gari na kwamba wenzangu watanisimulia. Je, taaluma hii ina nafasi yangu kweli, au najidanganya?

*Mwanafunzi wa usanifu, Tanzania*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hujidanganyi hata kidogo, na kubakizwa kwenye gari hakukubaliki. Saiti si mahali laini, hilo ni kweli, lakini tazama toroli za zege. Mafundi huzitandikia mbao ili zipite juu ya matope na mawe, na sehemu kubwa ya sakafu ya chini ambako toroli lililojaa linafika, kiti chako kinaweza kufika kwa msaada mdogo. Mhadhiri anaweza kuchagua saiti ambayo ghorofa ya chini inafikika, akampigia msimamizi simu siku moja kabla, na mbao zikatandikwa. Kwa ghorofa za juu, mwenzako apande na simu ya video na wewe ndiye umwongoze: asogee wapi, apime nini, apige picha ya kiungo gani. Anayeuliza maswali ndiye anayejifunza. Anayesimuliwa kwenye gari hujifunza alichokiona mwingine. Mwandikie mhadhiri wako haya kwa adabu, na nakala umpelekee mkuu wa idara.

Wapo waliotangulia. Michael Graves wa Marekani alikuwa tayari msanifu mashuhuri alipopooza kuanzia kifuani kushuka chini mwaka 2003. Akiwa hospitalini aligundua kwamba kutoka kwenye kiti hawezi kufikia bomba la maji wala kujiona kwenye kioo ili anyoe ndevu, na akatumia miaka iliyobaki ya maisha yake kusanifu vyumba na vifaa vya wagonjwa. Chris Downey, wa California, alipoteza uwezo wa kuona mwaka 2008 baada ya upasuaji na akarudi kazini. Husoma ramani zilizochapwa kwa mistari iliyoinuka kwa vidole, na huchora juu yake kwa vijiti laini vya nta. Alishiriki katika usanifu wa kituo cha maveterani wasioona huko Palo Alto. Walijua kitu ambacho ofisi zilihitaji, wakakilipisha.

Kisheria, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ofisi nyingi za usanifu hazifikii idadi hiyo, kwa hiyo usiwasahau wakandarasi wakubwa, halmashauri na wakala wa serikali unapotafuta mafunzo ya kazi.

Nina tahadhari moja. Watu watataka kukufanya mtaalamu wa rampu na vyoo vya walemavu pekee. Ujue mambo hayo kuliko wote, kwa sababu makosa yake ni mengi: mteremko unaokubalika wa 1 kwa 12 una maana kwamba kupanda sentimita 45 kunahitaji rampu ya mita 5.4, na bado utaona michoro yenye rampu ya mita 2 iliyobanwa pembeni mwa ngazi ili mkaguzi aridhike. Ukiiona, iseme. Lakini ukiishaisema, omba pia kupewa paa, muundo wa mbele wa jengo, makadirio na mkataba, kama wenzako wote.

SWALI

Asalaam aleikum. Mimi na mume wangu tuna ofisi ya usanifu Mombasa na sote tumesajiliwa. Shule moja niliyoisanifu mimi tangu mstari wa kwanza imeandikwa gazetini kuwa ni kazi yake. Yeye anasema jina la ofisi ni letu sote, nisilikuze jambo. Je, nalikuza?

*Msanifu, Mombasa*

JIBU

Waaleikum salaam, dada. Hulikuzi. Denise Scott Brown, aliyezaliwa mwaka 1931 katika nchi inayoitwa Zambia leo na kukulia Johannesburg, alifanya kazi bega kwa bega na mumewe, Robert Venturi, huko Philadelphia. Mwaka 1975 aliandika makala juu ya namna kazi yao ya pamoja ilivyokuwa ikihesabiwa ya mume peke yake, akaiweka kabatini hadi mwaka 1989 kwa kuhofia ingemharibia. Miaka miwili baadaye tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika taaluma yetu, alipewa Venturi pekee, na mkewe hakuhudhuria sherehe. Mwaka 2013 wanafunzi wawili wa Harvard walianzisha ombi la kutaka atambuliwe, maelfu wakatia saini, Venturi mwenyewe miongoni mwao, na waamuzi wakajibu kwamba uamuzi wa zamani haufunguliwi. Taasisi ya AIA yenyewe ilibadilisha kanuni zake ili nishani yake ya dhahabu iweze kupewa watu wawili kwa pamoja, na mwaka 2016 wakapewa wote. Alikuwa na miaka 84 alipotangazwa.

Jina kwenye jengo si pambo. Mshitiri anayetafuta msanifu wa shule ataulizia aliyesanifu shule ile, na kamati inayochagua watahini au majaji itatazama kazi zilizoandikwa kwa jina la mtu. Wahitimu wa kike walio ofisini kwenu nao wanasoma gazeti hilo na wanahesabu nafasi zao.

Kaeni wawili mkubaliane kanuni ya ofisi nzima, isiyowahusu ninyi pekee: katika kile kisanduku cha pembeni mwa kila mchoro aandikwe aliyesanifu, aliyechora na aliyekagua, kila mmoja kwa jina lake, na taarifa yoyote inayokwenda kwa waandishi wa habari ifuate kisanduku hicho. Na kuhusu shule hii, barua ya kumsahihisha mhariri wa gazeti aiandike mume wako, kwa mkono wake na saini yake, wiki hii.